Mtaji Uliovuka Bahari: Historia ya Kazi za Ufundi Zinazopelekwa Ng'ambo

Mtu atoapo fedha ili kitu kitengenezwe katika nchi isiyo yake, huweka rehani mambo mawili kwa mara moja. La kwanza ni fedha yenyewe. Nayo huiona, huihesabu na huiandika daftarini. La pili ni amani iliyopo baina ya nchi yake na nchi ile ya mbali. Nayo aghalabu haiandiki popote, kwa kuwa siku anapotia sahihi mkataba amani hiyo imemzunguka kama hewa, na hapana mtu aandikaye hewa katika daftari. Insha hii yahusu rehani hiyo ya pili. Nakusudia kuonyesha, kwa mifano ya historia, namna hatari yake ilivyobadilika sura tangu zama za misafara ya pwani mpaka zama hizi za kompyuta, kisha nimwombe msomaji apime ni nani hasa alipaye gharama yake.

Jambo lenyewe kwa siku hizi ni hili. Mtu mmoja au wawili hupata wazo la programu mpya, wakaanzisha kampuni changa. Kampuni ya namna hii haina shamba, haina ghala, wala haina bidhaa ya kuuza katika siku zake za mwanzo. Huishi kwa mtaji wa watu wengine, na umri wake huhesabiwa kwa miezi: mtaji ukiisha kabla programu haijapata wanunuzi, kampuni hufa. Mishahara ya wahandisi wa San Francisco au London ni mikubwa sana. Kwa sababu hiyo mwenye mtaji hupenda kuona kazi ikipelekwa Bangalore, Minsk, Kyiv au Nairobi, ambako fundi mwenye elimu iliyo sawa hupokea ujira mdogo zaidi, na fedha ile ile hudumu muda mrefu zaidi. Hesabu hii ni ya kweli, wala haifai kubezwa. Kasoro yake ni kwamba huhesabu ujira na kuisahau ramani.

Hesabu ya ramani haikuwa ngeni kwa matajiri wa Unguja wa karne ya 19. Wafanyabiashara wa Kihindi, mathalan Taria Topan, waliwakopesha wasafiri wa bara nguo, shanga na mali nyingine, wakangoja muda mrefu, pengine miaka, mpaka msafara urudi pwani. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mmoja wa waliokwenda bara kwa mali ya Taria Topan. Biashara ile ilikuwa ya pembe za ndovu na, kwa aibu yake, ya watumwa pia. Wala siitaji hapa kwa kuisifu. Naitaja kwa sababu yafunza jambo moja. Mwaka wa 1871 vita viliwaka baina ya Mirambo, mtemi wa Urambo, na Waarabu wa Tabora, na njia ya kawaida ya kwenda Ujiji ikafungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa katika safari ya kumtafuta David Livingstone, alikuta vita hivyo Tabora, akashindwa kupita, akalazimika kuzunguka kwa upande wa kusini. Mali ya watu waliokaa barazani Unguja ilikwama kwa ugomvi wa watu ambao hawakupata kuwaona. Lakini matajiri wale hawakuwa wajinga wa jambo hilo. Walijua kuwa njia hufungwa, na faida kubwa waliyoidai ilikuwa na malipo ya hatari hiyo ndani yake.

Unguja hiyo hiyo ilipata funzo jingine, nalo ni la karibu zaidi na maneno yetu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangamiza merikebu za Sultani, Seyyid Barghash aliagiza merikebu mpya kutoka Uingereza. Ilijengwa Scotland, ikamalizika mwaka 1878, ikaitwa Glasgow. Tarehe 27 Agosti, 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, merikebu hiyo ilizamishwa mbele ya mji na mizinga ya taifa lile lile lililoiunda. Aliyenunua chombo alipata chombo. Hakununua urafiki wa mwenye kukiunda.

Mfano mkubwa wa aina hii, hata hivyo, ni ule wa mwaka 1914. Dola ya Waturuki ilikuwa na manowari mbili kubwa zikijengwa katika viwanda vya Uingereza. Ya kwanza, Reshadieh, ilijengwa Barrow. Ya pili ilikuwa imeanzwa Newcastle kwa ajili ya Brazil. Waturuki waliinunua mwezi wa Desemba, 1913, wakaiita Sultan Osman wa Kwanza. Fedha hazikutoka hazina ya serikali peke yake. Chama cha kuisaidia manowari, kilichoundwa mwaka 1909, kilikusanya michango ya raia mijini na vijijini. Kwa hiyo hawa hawakuwa mabepari wachache. Walikuwa watu wengi wa kawaida waliotia akiba zao katika kazi ya ufundi iliyokuwa ikifanywa mbali, wasikoweza kufika.

Mwanzoni mwa Agosti, 1914, mabaharia mia kadhaa wa Kituruki walikuwa wamekwisha wasili Uingereza kuipokea Sultan Osman. Vita vilikuwa vinakuja, na Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya manowari, aliamuru vyombo vyote viwili vishikwe. Askari wa Kiingereza wakaingia ndani, bendera ya Kituruki isipate kupandishwa. Manowari zile zikapewa majina mapya, Agincourt na Erin, zikatumikia jeshi la Uingereza. Uingereza yenyewe haikuwa bado imeingia vitani. Iliingia tarehe 4 mwezi huo. Haki ya Waturuki ilikuwa imeandikwa katika mikataba, fedha zao zilikuwa zimepokewa, na vyote viwili havikuwafaa kitu.

Yafaa kusema kweli yote. Viongozi wa Waturuki nao walikuwa na siri yao: tarehe 2 Agosti walikwisha tia sahihi mapatano ya ushirika na Ujerumani. Hivyo haisemwi kuwa kushikwa kwa manowari ndiko kulikowaingiza vitani. Lakini hasira ya raia waliochanga ilikuwa kubwa, na tarehe 10 Agosti manowari mbili za Ujerumani, Goeben na Breslau, zilipoingia mlango wa Dardanelles, zilipokewa kama fidia. Mwisho wa Oktoba zikaenda kupiga bandari za Urusi zikiwa na bendera ya Kituruki, na vita vikaenea. Mwenye kuagiza kitu ng'ambo anaweza kupoteza kitu hicho. Na kupotea kwake kwaweza kuwasha moto mkubwa kuliko thamani ya kitu chenyewe.

Katika mfano huu aliyetekwa ni chombo. Manowari ni chuma. Ipo gatini, haiwezi kukimbia, na mwenye gati akifunga lango amekwisha kuitwaa. Kwa muda mrefu watu walidhani kuwa programu za kompyuta zimeiondoa hatari hiyo. Programu haina uzito. Yaweza kunakiliwa na kuwekwa katika nchi tatu kwa dakika moja, na serikali ikishika nakala moja, nyingine zabaki. Dhana hiyo ni ya kweli kwa nusu. Nusu ya pili tutaiona kwa kufuata safari ya kazi hizo, kwanza India, kisha mashariki ya Ulaya.

Mwaka 1973 India ilitunga sheria ya fedha za kigeni, ambayo ilizitaka kampuni nyingi za kigeni zipunguze sehemu yao ya umiliki nchini humo mpaka asilimia 40. Baada ya serikali kubadilika mwaka 1977, waziri wa viwanda, George Fernandes, aliisimamia kwa ukali. Kampuni ya IBM, iliyokuwa ndiyo kubwa katika kompyuta, haikukubali kuachia umiliki, ikafunga kazi zake na kuondoka mwaka 1978. Haikurudi mpaka miaka ya 1990. Kwa mwenye hisa wa IBM hiyo ilikuwa hasara iliyoletwa na siasa. Kwa Wahindi ilikuwa mwanzo. Mahandisi waliobaki walilazimika kujifunza mashine za kampuni nyingi mbalimbali, na ujuzi huo ukawafaa baadaye. Tata Consultancy Services, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilikuwa imekwisha anza kufanya kazi za wateja wa ng'ambo. Infosys ikaanzishwa mwaka 1981 na wahandisi saba. Na mwaka 1985 Texas Instruments ikafungua ofisi Bangalore, ikituma kazi zake Marekani kwa njia ya satelaiti. Kwa hiyo hatari ya mmoja ilikuwa fursa ya mwingine, na yeyote aandikaye historia ya jambo hili kwa kutazama upande wa mwenye mtaji tu ataandika nusu yake.

India ilijaribiwa kwa namna nyingine mwaka 2002. Tarehe 13 Desemba, 2001, bunge la Delhi lilishambuliwa, na katika miezi iliyofuata majeshi ya India na Pakistan yalikabiliana mpakani, nchi zote mbili zikiwa na silaha za nyuklia. Mwishoni mwa Mei, 2002, serikali ya Marekani iliwashauri raia wake waondoke India. Ghafula wakuu wa makampuni ya Marekani waliuliza swali ambalo hawakuliuliza walipotia sahihi: vita vikitokea, ni nani atakayeendesha mashine zetu kesho asubuhi? Kampuni za Bangalore zilijibu kwa kuonyesha mipango ya akiba, ofisi za nchi nyingine na nakala za kazi zilizohifadhiwa mbali. Ugomvi ukatulia. Lakini tangu siku hizo mteja mwenye busara hakuridhika tena na bei peke yake. Alitaka kujua pia kazi itahamia wapi ikilazimika kuhama.

Nchi za mashariki ya Ulaya zilipata sehemu yao ya kazi hizi baada ya kuvunjika kwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1991. Zilikuwa na vyuo vyema vya hisabati na fizikia, na wahitimu wengi wasio na kazi. Mwaka 1993 EPAM ilianzishwa, makao yake yakiwa Marekani na mafundi wake Minsk, mji mkuu wa Belarus. Mwaka 2005 serikali ya Belarus iliunda eneo maalumu la kazi za kompyuta mjini Minsk. Kampuni zilizoandikishwa humo zilisamehewa kodi ya faida, zikachangia asilimia 1 tu ya mapato yao kwa uongozi wa eneo hilo. Matokeo yalionekana. Sehemu kubwa ya programu ya Viber ilitengenezwa na mafundi wa Belarus, nayo ilinunuliwa na Rakuten ya Japani mwaka 2014 kwa dola milioni 900. Mwaka 2016 Facebook ilinunua MSQRD, programu iliyobuniwa na vijana wa nchi hiyo hiyo. Wenye mitaji waliona nchi tulivu, yenye kodi ndogo na mafundi hodari. Utulivu huo ulikuwa wa mtawala mmoja, Alexander Lukashenko, aliyekuwa madarakani tangu mwaka 1994. Na utulivu wa mtu mmoja si sawa na utulivu wa sheria.

Tarehe 9 Agosti, 2020, ulifanyika uchaguzi ambao matokeo yake wananchi wengi waliyakataa. Intaneti ilikatwa kwa muda wa siku tatu hivi. Kwa mkulima siku tatu bila intaneti ni usumbufu. Kwa kampuni iliyo na wateja New York, ni mlango uliofungwa kwa kufuli. Polisi walipiga na kufunga maelfu ya watu. Mamia ya wakuu wa kampuni, wahandisi na wenye mitaji walitia sahihi barua ya wazi wakitaka ukatili ukome na uchaguzi urudiwe. Mkuu wa kampuni ya PandaDoc, aliyekuwa akiishi Marekani, alitangaza kuwasaidia maofisa wa polisi ambao dhamiri ziliwakataza kuendelea na kazi ile. Tarehe 2 Septemba ofisi ya kampuni hiyo Minsk ilipekuliwa, na wafanyakazi wake wanne wakakamatwa.

Hapa ndipo nusu ya pili ya dhana ile inapoonekana. Programu ya PandaDoc haikuweza kutekwa. Nakala zake zilikuwa salama, na wateja hawakupoteza kitu. Waliotekwa ni watu. Mwenye kampuni alikuwa mbali, mkono wa serikali haumfikii; mikono ile ikawafikia waliokuwa karibu. Zamani mateka wa mkataba wa ng'ambo alikuwa chombo. Sasa mateka ni fundi. Badiliko hili, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii, nalo halionekani katika hesabu za faida na hasara, kwa sababu kifungo cha mtu hakina safu yake katika daftari la kampuni.

Mafundi wa Belarus walianza kuondoka. Wengine walikwenda Poland na Lithuania. Wengine walikwenda Ukraine, nchi jirani ambayo lugha na maisha yake hayakuwa mageni kwao, na ambayo mwezi wa Oktoba, 2020, iliwarahisishia wataalamu hao kibali cha kukaa. Kyiv ilionekana kuwa kimbilio. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini hawa hawakujaliwa hata ngama ya kurejea. Tarehe 24 Februari, 2022, Urusi iliivamia Ukraine, na baadhi ya majeshi yake yaliingia kutoka ardhi ya Belarus. Mtu aliyekimbia Minsk kwa kuogopa polisi alijikuta Kyiv akisikiliza mabomu yaliyorushwa kwa msaada wa serikali aliyoikimbia.

Isidhaniwe kuwa jambo hilo lilikuja bila dalili. Mwaka 2014 Urusi iliitwaa Crimea, na mwezi wa Desemba mwaka huo Rais wa Marekani alipiga marufuku biashara na eneo hilo. Mapema mwaka 2015 makampuni ya Marekani, PayPal ikiwa mojawapo, yalisimamisha huduma zao huko. Fundi wa Crimea aliyekuwa akimtumikia mteja wa Marekani hakukosa umeme, hakukosa intaneti, wala hakukosa ujuzi. Alikosa njia halali ya kulipwa. Tuangalie vizuri: aliyefunga mlango huo hakuwa mtawala wa nchi ya fundi, ila serikali ya mwenye mtaji. Wengi wapimao hatari huitazama nchi ya mbali tu, wakasahau kuwa hata serikali ya nyumbani yaweza kuukata uzi kwa mkasi wake yenyewe.

Dalili ya pili ilikuja tarehe 27 Juni, 2017. Programu moja ya hesabu za kodi, iliyotumiwa na kampuni nyingi za Ukraine, ilipenyezwa kirusi ambacho baadaye serikali za Uingereza na Marekani zilikihusisha na jeshi la Urusi. Kampuni kubwa ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilikuwa na ofisi Ukraine, na kwa mlango huo mdogo kirusi kikaenea dunia nzima. Maersk ilisema baadaye kuwa iliweka upya mashine 4,000 kubwa na kompyuta 45,000, na kwamba hasara yake ilikuwa baina ya dola milioni 250 na 300. Imeandikwa kuwa nakala moja muhimu ya orodha ya mitambo yake ilisalimika Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko saa ile. Upungufu ambao huhesabiwa kila siku kuwa aibu ya Afrika uliokoa biashara ya Ulaya. Haifai kujivunia kukatika kwa umeme. Lakini yafaa kukumbuka kuwa nakala iliyo mbali na moto ndiyo ipatikanayo baada ya moto.

Tarudi mwaka 2022. Siku vita vilipoanza EPAM ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 58,000 duniani. Zaidi ya 14,000 walikuwa Ukraine, na ukijumlisha wale wa Belarus na Urusi, zaidi ya nusu ya kampuni nzima ilikuwa katika nchi tatu zilizoingia katika vita kwa njia moja au nyingine. Tarehe 28 Februari kampuni ilifuta makadirio yake ya mapato, na thamani ya hisa zake katika soko la New York ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 40 katika siku moja. Watu walionunua hisa zile walijua kuwa kampuni ina wahandisi katika nchi nyingi. Hawakupima kwamba nchi nyingi hizo ziko katika pembe moja ya ramani. Kutawanya mali katika majina matatu yanayoungua kwa moto mmoja hakuwi kutawanya.

Hata hivyo historia ya Ukraine haikwenda kama wenye hofu walivyotabiri. Wanaume wa umri wa miaka 18 mpaka 60 walikatazwa kutoka nchini. Wengine waliitwa jeshini. Kuanzia Oktoba, 2022, Urusi ilipiga vituo vya umeme, na miji ikawa gizani kwa saa nyingi kila siku. Katika hali hiyo mafundi walihamia miji ya magharibi kama Lviv, wakafanya kazi katika mahandaki, kwa jenereta na intaneti ya satelaiti. Na kwa hesabu za benki kuu ya Ukraine, huduma za kompyuta zilizouzwa nje mwaka 2022 zilizidi dola bilioni 7, kiasi kikubwa kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka 2023 kiasi hicho kilipungua, kwa maana vita virefu huchosha na wateja wapya huogopa. Lakini kazi haikufa.

Basi tuna nchi mbili jirani. Moja haikupigwa bomu, na mafundi wake walitawanyika. Nyingine ilipigwa kila wiki, na mafundi wake waliendelea kufanya kazi. Tofauti hii yataka maelezo. Mtu aweza kusema kuwa Waukraine walibaki kwa kuwa mpaka ulifungwa kwa wanaume. Neno hilo lina ukweli, lakini halitoshi, maana mpaka uliofungwa huzuia miili, hauwezi kuzilazimisha akili zifanye kazi njema usiku kwa mwanga wa jenereta. Jibu lililo kamili zaidi ni kwamba katika Ukraine adui alikuwa nje, na serikali, kampuni na fundi walikuwa upande mmoja. Katika Belarus aliyeogopwa alikuwa ndiye mwenye nchi. Fundi huvumilia kombora la adui kwa muda mrefu kuliko avumiliavyo kugongewa mlango usiku na polisi wa kwao. Kwa hiyo mwenye mtaji apimaye hatari kwa kuuliza tu kama nchi iko karibu na vita, amepima jambo la pili akaliacha la kwanza. La kwanza ni uaminifu baina ya mtawala na watu wake.

Kutokana na mifano hii naona kuwa kazi ya ufundi ipelekwayo ng'ambo ina sehemu tatu, na kila sehemu ina hatari yake. Sehemu ya kwanza ni kitu chenyewe kitengenezwacho. Hiki kilikuwa chepesi kutekwa mwaka 1914, na leo ni chepesi kukiokoa, kwa sharti nakala ziwekwe mahali pengi. Sehemu ya pili ni haki: ya kumiliki kitu hicho, na ya kulipa na kulipwa. Haki hukaa katika sheria, na sheria za nchi mbili zikigombana, mkataba huwa kama nyasi: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa IBM mwaka 1978 na kwa mafundi wa Crimea mwaka 2015. Sehemu ya tatu ni elimu iliyomo vichwani mwa watu. Hii haina nakala. Fundi aliyeijenga programu kwa miaka mitano anajua kwa nini kila kipande kimewekwa pale kilipo. Akifungwa, akiuawa au akikimbia, karatasi zake hazijibu maswali. Mwenye mtaji mwenye hekima ataitunza sehemu ya tatu kuliko zote, naye hawezi kuitunza bila kuwatunza watu wenyewe.

Wapo watakaosema: ikiwa ni hivyo, heri kila mtu afanye kazi zake nyumbani. Sikubaliani na neno hilo. Mwenye kufanya yote nyumbani ameweka mali yake yote chini ya serikali moja, na serikali ya nyumbani haina ahadi ya kuwa njema milele. Zaidi ya hayo, ujuzi hauna kabila. Kuwafungia mlango mafundi wa nchi za mbali kwa sababu ya makosa ya watawala wao ni kuwaadhibu mara mbili. Tahadhari niisemayo ni nyingine: kuilipa hatari kama matajiri wa Unguja walivyoilipa, kwa kuihesabu mapema katika bei, kisha hesabu hiyo iende kwa anayeibeba. Mwenye mtaji hugawa fedha zake katika kampuni kumi au ishirini, na moja ikifa zilizobaki humfidia. Fundi ana maisha mamoja na nchi moja. Vita vilipoanza EPAM ilitenga dola milioni 100 kuwasaidia wafanyakazi wake wa Ukraine. Ni tendo jema, lakini lilikuja baada ya moto kuwaka. Gharama ya kumhamisha fundi na jamaa zake wakati wa hatari ingefaa iandikwe katika mkataba wa kwanza, pamoja na ujira.

Jambo hili latugusa sisi wa Afrika ya Mashariki kwa upande ambao wanafunzi wetu hawana budi kuufikiri. Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani yetu mwaka 2009, miji yetu imekuwa ng'ambo ya watu wengine. Andela, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikianzia Lagos, ilifika Nairobi mwaka uliofuata, na vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda wakawa wanatengeneza programu za kampuni za Marekani bila kutoka makwao. Hivyo maswali ambayo wenye mitaji waliyauliza juu ya Bangalore na Minsk yanaulizwa sasa juu yetu. Mwezi wa Januari, 2021, wakati wa uchaguzi, Uganda ilikata intaneti kwa siku zipatazo tano. Mwezi wa Mei, 2024, nyaya mbili zilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Jambo la pili ni ajali ya bahari, nayo huponywa kwa kuongeza nyaya. La kwanza ni uamuzi wa watu, na mteja wa mbali hulisamehe kwa shida zaidi, kwa sababu ajali haina nia, na uamuzi una nia.

Serikali zetu hujenga miji ya teknolojia, hupunguza kodi, hualika wageni. Belarus ilifanya yote hayo, tena kwa ufanisi mkubwa kuliko wengi. Ilijenga kwa miaka kumi na mitano, na sehemu kubwa ya kilichojengwa ikaanza kubomoka kwa wiki chache za mwezi mmoja wa Agosti. Jengo lilikuwa la kisasa na kodi ilikuwa ndogo. Kilichokosekana ni hakika ya fundi kwamba atalala nyumbani kwake usiku huo. Nchi itakayo kazi za ng'ambo zikae kwake haina dhamana kubwa ya kutoa kuliko hiyo, na mwenye mtaji atakaye usalama wa mali yake hana swali la kwanza la kuuliza kuliko hilo.